Amana ya Ubongo na Mishipa ya Fahamu

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akampa masikio ya kusikia, macho ya kuona na moyo wa kufahamu. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki isipokuwa Yeye peke Yake, hana mshirika. Na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na sahaba zake wote, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunakuusieni, na tunajiusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mcheni katika ibada zenu, na mcheni vile vile katika miili yenu. Kwani miili hii hatukuinunua sokoni, wala si mali yetu tuitumie tupendavyo. Ni amana, na kila aliyepewa amana ataulizwa. Katika Sura ya Al-Israa Mola wetu ametufahamisha kwamba kusikia, kuona na moyo, vyote hivyo vitaulizwa.

Ndugu Waislamu wa Maganzo, nanyi mnaotusikiliza kwa redio mkiwa majumbani na mashuleni! Leo tumekusudia kuzungumza juu ya sehemu moja ya amana hiyo, ambayo haionekani kwa macho, lakini bila ya hiyo hapana jicho lionalo, wala ulimi unenao, wala mkono ushikao. Nayo ni ubongo na mishipa ya fahamu. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa lipo milangoni mwetu, na kwa kuwa kutolijua kwetu kunaweza kuwa sababu ya kumwaga damu ya mtu asiye na hatia.

Chukueni mfano wa kijana mmoja. Hatumtaji jina, kwa sababu si mtu mmoja; kila msikilizaji atamtambua kwa kumfananisha na wake. Kijana huyu amekulia hapa Maganzo. Utoto wake aliutumia akichekecha mchanga kutafuta almasi, kama wengi walivyofanya tangu Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Almasi ikawa haba mikononi mwake, akafunga safari kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Huko akawa mtu wa mwaloni: haingii shimoni, bali huosha mchanga uliosagwa karashani, huikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Baada ya miaka minne akarudi nyumbani. Mama yake akampa kikombe cha chai, na chai ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Mikono inatetemeka. Usiku hapati usingizi. Husahau aliloambiwa asubuhi. Kijana aliyekuwa mpole amekuwa mwepesi wa hasira, na mara nyingine huona haya mbele ya watu hata akakataa kutoka nje.

Jamaa wakakaa kikao. Mmoja akasema, “Huyu amerogwa.” Wa pili akasema, “Twende kwa mtaalamu akatuangalizie.” Na huyo mpiga ramli hakosi jina la kutaja. Mara nyingi jina hilo ni la bibi mzee, mjane, aishiye peke yake, mwenye macho mekundu.

Ndugu Waislamu, nyumba hiyo imefika njia panda. Njia moja inakwenda hospitali. Njia ya pili inakwenda kwenye mlango wa bibi yule, usiku, na panga mkononi. Mkoa wetu wa Shinyanga na mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa imejulikana kwa miaka mingi kwa mauaji ya vikongwe, na hiyo ni aibu iliyo juu ya vichwa vyetu sote. Basi yatupasa tujue kwanza: ni kitu gani kinachoutetemesha mkono wa kijana huyu?

Tuanze na namna Mwenyezi Mungu alivyotuumba. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa baina ya kilo moja na robo na kilo moja na nusu, nao umehifadhiwa ndani ya fuvu la mfupa mgumu. Kutoka ubongoni unateremka ugwe mrefu, unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo kama uzi upitao ndani ya tasbihi. Kutoka ubongoni zinatoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, ziendazo machoni, masikioni, usoni, ulimini na kwengineko. Na kutoka katika ugwe wa mgongo zinatoka jozi 31, zinazogawanyika mpaka kwenye ncha za vidole. Mishipa hii si ile ya damu. Ndani yake hupita habari, nyingine kwa mwendo wa zaidi ya mita 100 kwa nukta moja.

Mtu akikanyaga kaa la moto, habari hupanda kutoka unyayoni, na ugwe wa mgongo huamrisha mguu uondoke hata kabla ubongo haujatambua maumivu. Mtu anapoinua kikombe cha chai, sehemu moja ya ubongo hutoa amri, na sehemu nyingine, iliyo nyuma ya kichwa juu ya kisogo, huupima mwendo wa mkono usizidi wala usipungue. Vyembe vya fahamu vilivyo ubongoni hukadiriwa kuwa bilioni 86. Tunainua kikombe mara ngapi kwa siku, wala hatukumbuki kusema alhamdulillahi!

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Sina, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun alieleza mishipa ya fahamu itokayo ubongoni na ile itokayo katika ugwe wa mgongo, na magonjwa yake: kiharusi, kifafa, kupooza na kutetemeka. Naye alifuata njia ya wataalamu waliomtangulia, Wayunani na Waislamu. Hawakuona kuwa kuuchungua mwili ni kumwingilia Mwenyezi Mungu katika kazi Yake. Waliona kuwa ni kuzisoma ishara ambazo Yeye mwenyewe, katika Sura ya Adh-Dhaariyaat, ametuelekeza tuzitazame ndani ya nafsi zetu.

Sasa turudi kwa kijana wetu na zebaki yake. Zebaki ni madini yaliyo maji maji, meupe yenye kung'aa kama fedha. Ikichanganywa na mchanga uliosagwa huzikamata chembe za dhahabu, ikawa donge. Donge hilo hukamuliwa katika kitambaa, kisha huchomwa. Moto huigeuza zebaki kuwa mvuke ukaondoka, na dhahabu ikabaki. Watu husema, “Zebaki imekwisha.” La, haikwisha! Imehama tu. Imetoka katika donge, ikaingia hewani. Na mwenye kuchoma, aliyeinama juu ya moto wake, ameivuta.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, wala haumkoozi mtu mara moja kama moshi wa kuni. Sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Hupita mapafuni, huingia katika damu, na damu huufikisha ubongoni. Hapo huzidhuru vyembe za fahamu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Dalili zake ni zile zile tulizozitaja: kutetemeka mikono, kope na midomo, kukosa usingizi, kusahau, hasira na haya zisizo na sababu, na ganzi. Hudhuru pia mafigo. Na kwa mama mwenye mimba, zebaki hupenya mpaka kwa mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Wengine husema, “Tunaishika kwa mikono kila siku, hatujafa.” Tangu zama za kale watu wamedanganywa na jambo hilo. Tabibu wetu mkubwa Al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, alimnywesha tumbili zebaki, akamwona ameumwa tumbo tu wala hakufa. Sisi leo tunaifahamu sababu: zebaki iliyo maji maji ikimezwa, kidogo mno huingia katika damu. Lakini ile inayochomwa ikawa mvuke ina hukumu nyingine kabisa. Basi asiyedhurika kwa kuishika asidhani kuwa amesalimika kwa kuivuta.

Wala haya si maneno ya mbali. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, wataalamu wa afya waliwapima watu wa Rwamagasa, katika wilaya ya Geita, na kuwalinganisha na watu wa Katoro wasiofanya kazi ya zebaki. Walioonekana kudhurika zaidi ni wale wachomaji wa dhahabu.

Na ulimwengu umekwisha kupata mafunzo machungu juu ya sumu hii. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Samaki wakaila, watu wakawala samaki, na mwaka 1956 ikatangazwa maradhi mageni ya ubongo. Watu walishindwa kutembea, kusema na kuona sawasawa, na watoto walizaliwa na vilema ambapo mama zao walikuwa na dalili chache tu. Iraki nako, katika majira ya mwaka 1971 na 1972, mbegu za ngano zilizotiwa dawa yenye zebaki kwa ajili ya kupandwa zilisagwa zikaliwa mikate. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa hospitalini, na zaidi ya 400 wakafa humo. Mwaka 2013 mataifa yakafanya mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki, wakauita kwa jina la mji ule wa Minamata, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020.

Basi mwaionaje, ndugu Waislamu? Kijana wetu amerogwa na bibi mwenye macho mekundu? Macho ya bibi yule yamekuwa mekundu kwa moshi. Amepika miaka 50 kwa kuni na kwa samadi kavu, katika nchi ambayo miti imekuwa haba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kijana amedhurika kwa mvuke, na bibi amedhurika kwa moshi. Wote wawili ni wagonjwa, na wote wawili walistahiki kuhurumiwa. Ni dhulma iliyoje kumchukua mgonjwa mmoja akauawa kwa ugonjwa wa mwenziwe!

Hatusemi kuwa uchawi haukutajwa katika Kitabu. Umetajwa, na ni katika dhambi kubwa kabisa. Tunachosema ni kwamba Muislamu hana ruhusa kumhukumu mtu kwa ramli. Mtume wetu (S.A.W.) amewaonya vikali wale wanaowaendea wapiga ramli. Katika Sura ya Al-Hujuraat tumeamrishwa tuzihakikishe habari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na humo humo tumekatazwa dhana mbaya. Na katika Sura ya Al-Maida tumefunzwa kuwa mwenye kuua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote. Je, tutamjibu nini Mola wetu tukiulizwa juu ya bibi yule? Tutasema kuwa tulisikia kwa mganga?

Twasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwetu na kwenu na kwa Waislamu wote. Basi mwombeni msamaha. Hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mtukufu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Ugonjwa wa mishipa ya fahamu si aibu, wala si alama ya kulaaniwa. Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwonyesha mwanafunzi wake, Ata bin Abi Rabah, bibi mmoja mweusi, akamwambia kuwa huyo ni katika watu wa Peponi. Bibi huyo alikuwa akishikwa na kifafa, akamwendea Mtume (S.A.W.) amwombee. Mtume akamhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo, na kuombewa apone. Yeye akachagua kusubiri; ila aliomba jambo moja, kwamba asiwe akifunukwa nguo anapoanguka. Mtume akamwombea hilo.

Tazameni adabu iliyomo katika kisa hiki! Hakufukuzwa, hakutengwa, wala hakuambiwa kuwa mate yake yanaambukiza. Alisikilizwa, na sitara yake ikahifadhiwa. Nasi leo mtu akianguka kifafa sokoni, wangapi hukimbia, na wangapi huvua kanga au koti kumsitiri? Wala asitokee mtu akasema kuwa kisa hiki kinakataza dawa. Mtume mwenyewe ametuhimiza kutafuta matibabu, na ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake.

Katika nchi yetu wenyewe jambo hili limekwisha kushuhudiwa. Huko Mahenge, tangu miaka ya 1960, tabibu mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa waliotengwa na jamaa zao, wengine wana makovu ya moto kwa kuangukia mekoni bila mtu wa kuwaondoa. Akawafungulia matibabu, akawapa vidonge vya bei nafuu vya kumezwa kila siku. Wengi wao kifafa kikapungua au kikaacha, wakarudi kulima na kukaa na watu. Na degedege la watoto, ambalo baadhi ya watu hulinasibisha na ndege wa usiku au shetani, mara nyingi ni homa kali au malaria iliyopanda ubongoni. Mtoto huyo ana haja ya kufikishwa hospitali saa ile ile, kwani kila saa inayopotea kwa mafusho ni saa ya ubongo wake.

Basi tunakuusieni mambo haya.

Enyi mnaofanya kazi ya dhahabu! Kutafuta riziki ya halali ni ibada, lakini Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Ikiwa bado hamjapata njia ya kuiacha zebaki kabisa, basi msiichome wazi. Tumieni chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kuupoza mvuke urudi kuwa zebaki. Mtakuwa mmeyahifadhi mapafu yenu, na zebaki yenu pia mtaipata tena. Chomeni mbali na makazi, na upepo uwe mgongoni. Kamwe msichome dhahabu jikoni, wala katika sufuria ya kupikia, wala ndani ya chumba alalamo mtoto. Nguo za kazi zisiingie nyumbani. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asisogee kabisa. Na wenye miyalo, jueni kwamba kumpa mtoto mdogo kazi ya zebaki ni kumnyang'anya akili yake kabla hajaitumia. Nayo dini imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe.

Enyi wazee na akina mama wa nyumba! Mkimwona mgonjwa anatetemeka, au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, au ulimi umekuwa mzito, au ameanguka, msianze kuuliza, “Nani kamfanya?” Ulizeni, “Amefanya kazi gani? Amevuta nini? Presha yake imepimwa?” Si kila kutetemeka ni kwa zebaki, kuna kwa uzee, kuna kwa maradhi ya tezi, kuna kwa ugonjwa wa Parkinson, kuna na kwa ulevi. Anayeweza kupambanua ni tabibu, si mpiga ramli. Mpelekeni kituo cha afya, mumweleze tabibu kazi ya mgonjwa bila ya kuficha. Kutoka hapo huenda akapelekwa hospitali kubwa, kama Bugando kule Mwanza. Na aliyedhurika kwa zebaki, dawa ya kwanza ni kuondolewa kwenye zebaki. Wapo wanaopata nafuu wakiiacha mapema, na yapo madhara yasiyorudi. Basi kila siku ya kuchelewa ina hasara.

Enyi vijana wanafunzi! Imamu Ghazali ameihesabu elimu ya utabibu kuwa ni fardhi ya kutosheleza: wakiwapo wa kuisimamia, wengine hupona lawama, wasipokuwapo, mji mzima una dhambi. Jiulizeni basi: katika kata yetu hii, ni nani ajuaye kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu? Msiyakimbie masomo ya baiolojia na kemia kwa kusema kuwa ni magumu. Muhimbili iko taasisi nzima ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu, na vyuo vya utabibu vipo Dar es Salaam na Mwanza pia. Atakayesoma kwa nia ya kuwaokoa watu, kila ukurasa anaoufungua ni katika ibada.

Na sisi sote, ndugu Waislamu, tufanye jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Katika kila mtaa yupo bibi mmoja anayeogopwa, ambaye watoto wameambiwa wasipite mlangoni pake. Tumwendee tumwamkie. Tukae naye barazani, watu watuone. Tumpelekee chochote alichoturuzuku Mwenyezi Mungu, na akiweza kwenda, tumpeleke akatazamwe macho. Siku watu watakapokaa kikao kumtaja, wasiweze kusema kuwa hana watu. Waseme, “Huyu ana jamaa, na jamaa zake ni msikiti mzima.”

Ewe Mwenyezi Mungu! Tuhifadhie akili zetu, masikio yetu na macho yetu maadamu uhai wetu. Waponye wagonjwa wetu, na uwape subira wasiopona. Wape vijana wetu riziki ya halali isiyoiharibu miili yao. Walinde wazee wetu na mikono ya wajinga, na ututoe sisi katika giza la dhana utuingize katika nuru ya elimu. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, na uijaalie nchi yetu amani, mvua ya heri na uadilifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Hakika Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na wema na kuwapa jamaa, na anakataza uchafu, uovu na dhulma. Basi mkumbukeni, naye atakukumbukeni; mshukuruni kwa neema Zake, naye atakuzidishieni. Simamisheni Sala.